Kilimanjaro haijali una misuli kiasi gani

"Nina mazoezi, nitafika." Kauli hii husikika sana lango la Machame asubuhi ya kwanza, mizigo ikipimwa kwenye mizani. Mazoezi yanasaidia mapaja na magoti. Hayazuii kichwa kuuma. Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ina oksijeni asilimia 21 sawa na hewa ya Tanga; kilichopungua ni mgandamizo, umebaki karibu nusu, kwa hiyo kila pumzi inakupa nusu ya ulichozoea. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea hali hiyo, na mwenye kifua kipana hapunguziwi hata moja. Tena namwogopea yeye zaidi, maana miguu yake inaweza kumfikisha mahali ambapo damu yake haijajiandaa.

Ndiyo maana mwongozaji anatangulia kwa mwendo wa kukera. Wengi hudhani "pole pole" ni maneno ya kuuzia fulana. Ni kipimo: ukishindwa kumaliza sentensi huku unatembea, umezidisha. Tazama siku ya tatu ya njia ya Machame. Mnatoka kambi ya Shira, mnapanda hadi mwamba wa Lava Tower, karibu mita 4,600, mnakula, halafu mnateremka kulala kambi ya Barranco, mita mia sita chini. Kuna watu hununa kweli: jasho lote lile la nini? Kumbe hiyo ndiyo siku yenye faida kuliko zote, mwili umeonja juu na kulala chini. Kwa hesabu hiyohiyo, safari ya siku tano ni rahisi kwenye karatasi tu.

Jioni kambini kuna chai, bisi na beseni la maji ya moto. Kisha mwongozaji anakubana kidole kwa kifaa cha kupimia oksijeni na kuuliza: umekula? kichwa vipi? Hapo ndipo watu hudanganya, wakiamini kwamba ukikiri kuumwa kichwa utarudishwa. Kichwa kuuma kidogo ni jambo la kila siku huko. Kinachomrudisha mtu ni kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa ameketi; hapo tiba ni kushuka, hata iwe saa nane usiku. Na Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko ambayo wengine huikataa wakisema inaficha dalili, haifichi: inachochea upumuaji ili mwili uzoee mapema. Muulize daktari kabla ya safari. Dawa za maumivu ndizo zinazoweza kukunyamazishia kichwa.

"Wapagazi ni wa hukuhuku, hawaumwi." Wanaumwa. Mashamba ya migomba yanaishia chini ya msitu, na aliyelelewa huko hajalelewa Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Wanavunja kambi baada yenu, wanawapita njiani na kilo 20 za mzigo, nanyi mnakuta mahema yamesimama. Barafu yenyewe haina maji, licha ya jina. Ya kupikia chai yenu yamepandishwa kutoka bonde la Karanga, begani.

Kwamba mlima ni wa wazungu sina haja ya kubishana sana. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer, wa kwanza kurekodiwa kufika kileleni, husimuliwa kuwa aliongozwa na Mchaga, Yohani Kinyala Lauwo, na mwenge wa Uhuru wa Desemba 1961 ulipandishwa na mwanajeshi Alexander Nyirenda.

Usiku wa kilele chupa ya maji ibebe kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu.

Halafu kuna hii ya kuamini kwamba ukishapiga picha kwenye ubao wa kileleni kazi imekwisha. Siku hiyohiyo unashuka hadi kambi ya Mweka, karibu mita 2,800 chini, na vidole vya miguu vinagonga ncha ya buti kila hatua. Kata kucha kabla hujatoka Moshi.