Kufuatilia moshi kwa setelaiti maana yake nini hasa?

Watu wengi wakiona picha ya moshi iliyopigwa kutoka juu wanadhani setelaiti inapiga tu kama simu, basi, moshi si huo hapo. Hapana, kazi ni kubwa zaidi ya hapo. Kufuatilia moshi maana yake unatafuta umetokea wapi, upepo unaupeleka wapi, ni mzito kiasi gani, na uko juu kiasi gani, na hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Chukua ule moshi wa Kanada wa mwezi wa 6 mwaka 2023. Misitu iliwaka Quebec, tarehe 7 anga la New York likawa rangi ya chungwa mchana kweupe, na moto wenyewe uko mamia ya kilomita huko kaskazini. Setelaiti ya GOES-16 ilikuwa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, inazunguka sambamba na dunia kwa hiyo inatazama upande uleule muda wote, na Marekani inapigwa picha kila dakika 5, ukizipanga hizo picha mfululizo unauona kabisa utepe wa moshi unashuka kusini, unajikunja, unatanuka. Halafu ziko zinazopita chini zaidi, kama Suomi NPP na NOAA-20, hizi zinapita mara chache kwa siku ila zinaona kwa ukaribu, na zinahisi joto la moto hata usiku, ndio vile vidoti kwenye FIRMS, ramani ya moto ya NASA iliyoko mtandaoni. Ifungue mwezi wa 7 au wa 8 uone Katanga, Angola na Zambia zilivyojaa vidoti, nyika inachomwa, na moshi wake mwingi unasukumwa magharibi mpaka Atlantiki.

Moshi na wingu unavitofautishaje? Wingu linang'aa jeupe, moshi una ukijivu au ukahawia na kingo zake zimefifia. Na unaonekana vizuri zaidi asubuhi na jioni jua likiwa chini. Kama umewahi kukaa jiko la kuni unajua, mwale wa jua ukipenya kwenye tundu la bati, ukiutazama ukielekea jua unaona moshi wote unavyopepea, jua likiwa mgongoni kwako huoni kitu cha maana. Setelaiti nayo ni hivyohivyo, jua likiwa chini inaupata mwanga uliopenya kwenye moshi.

Uzito wa moshi unapimwa kwa namba inaitwa AOD, yaani mwanga wa jua unazuiwa kiasi gani na chembechembe hewani. Chini ya 0.1 hewa ni safi, ikifika 1 na jua liko utosini, mwanga unaokuja moja kwa moja unafika asilimia 37 tu. Na pale macho yanaposhindwa kabisa kuna Sentinel-5P ya Ulaya, hiyo inapima gesi, na kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye moto, inakaa hewani wiki nyingi kwa hiyo unaweza kuufuata moshi hata baada ya kufifia.

Sasa hapa ndipo watu wanapokosea na naomba mnielewe vizuri. Hiyo AOD inahesabu moshi wote kuanzia ardhini mpaka juu kabisa, haikuambii pua yako inavuta nini. Moshi ukiwa kilomita 4 juu ramani itakuwa nyekundu tupu na huku chini watoto wanacheza hawana shida, ukishuka ndio balaa, vichembe vya moshi vinavyoitwa PM2.5 ni vidogo mno vinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo lazima uangalie na kipimo cha ardhini kilicho karibu na wewe.

Moshi huohuo wa Kanada mwisho wa mwezi wa 6 ulivuka bahari ukafika Ureno na Hispania, kwenye picha unaonekana wazi kabisa, lakini ulikuwa juu sana, watu wa huko waliona zaidi anga lenye utusitusi na machweo mekundu, wakati New York walikuwa wamevaa barakoa.