Kusudi la Mungu na nepi za mtoto

"Mchungaji, nitajuaje kusudi la Mungu katika maisha yangu?"

Swali hili silikosi kila ninapofundisha vijana. Mara nyingi anayeuliza ameshamaliza chuo, anauza dukani kwa mjomba wake au anajitolea ofisini bila posho, na anaamini maisha yake yenyewe bado hayajaanza. Ameambiwa kwenye semina kwamba Mungu amemwandalia jambo kubwa, basi analisubiri. Anafunga, anakesha, anatafuta mtu wa kumtolea unabii, na miaka inakwenda.

Mimi ni mchungaji wa Kilutheri na nafundisha maadili na udiakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, kwa hiyo swali hili ndiyo kazi yangu. Jibu langu huwaudhi kidogo. Nawaambia waache kwanza kuuliza "nimeumbwa nifanye nini?" wajiulize "nani anategemea hiki ninachofanya sasa?" Ukishampata mtu huyo umeshaingia ndani ya kusudi, hata kama mshahara haufiki mwisho wa mwezi na hakuna aliyewahi kukutabiria lolote.

Fungua Luka sura ya 3. Yohana Mbatizaji anahubiri kando ya Yordani kwa ukali wa kutisha: shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti. Watu wanaogopa, wanamuuliza, "Tufanye nini basi?" Hapo mimi ningetegemea awaambie waache kila kitu wamfuate jangwani, wale nzige na asali ya mwitu kama yeye. Hasemi hivyo. Mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru, watu waliochukiwa kuliko wote kwa kuwa waliwakusanyia Warumi fedha na kujiongezea cha juu, anawajibu, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari anawaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watosheke na mishahara yao. Kila mmoja anarudishwa kazini kwake. Toba ya mtoza ushuru itaonekana mezani pake Jumatatu asubuhi, pale mfanyabiashara atakapodaiwa kiasi halali na kupewa risiti. (Sisemi kila kazi inaweza kutakaswa. Anayekopesha wajane kwa riba ya kuwanyang'anya mashamba hana namna ya kuifanya kazi hiyo kwa utukufu wa Mungu. Aiache.)

Kanisa liliwahi kulisahau jambo hili kwa muda mrefu. Ulaya ya miaka ya 1500, ukisema mtu ana wito, wengi walielewa padri, mtawa au mmonaki. Mkulima na mama wa nyumbani walikuwa watu wa daraja la chini kiroho; waliokolewa, tuseme, kwa kuegemea maombi ya wengine. Martin Luther, Mjerumani ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake na ambaye mwenyewe alikuwa mmonaki, alilipinga jambo hilo kwa mifano ya kuchekesha. Mwaka 1522, akiandika kuhusu ndoa, alimchukua baba anayefua nepi za mtoto wake huku watu wakimcheka kwamba amegeuka mwanamke. Wacheke, akasema Luther. Mungu pamoja na malaika wote na viumbe wote anatabasamu, na hatabasamu kwa sababu ya nepi bali kwa sababu baba yule anazifua kwa imani. Nikiusoma mfano huu kwenye mafundisho ya ndoa, akina mama hushangilia na akina baba hutazama sakafuni. Miaka 500 imepita na kicheko cha majirani ni kilekile.

Katika Katekisimo Kubwa, kitabu chake cha mafundisho ya imani cha mwaka 1529, Luther anaeleza msingi wa jambo hili. Mungu ndiye anayetupa kila kilicho chema, lakini hutupa kupitia viumbe. Viumbe ni mikono na mifereji yake, kama anavyompa mama maziwa ili amnyonyeshe mtoto. Tunaposali "utupe leo riziki yetu", jibu la sala hiyo linapita kwa mkulima wa Mbarali, kwa dereva wa lori, kwa mwenye mashine ya kukoboa, kwa muuza duka aliyepima kilo kamili. Yule kijana wa duka la mjomba ni sehemu ya jibu la sala ya mtaa mzima, na hajui, kwa sababu anasubiri kuitwa madhabahuni.

Mfano ninaoupenda kuliko wote uko Matendo sura ya 9. Dorkasi wa Yafa, aitwaye pia Tabitha, anafariki. Petro anafika, anapandishwa orofani, na wajane wanamzunguka wakilia. Hawamsimulii Petro mahubiri ya Dorkasi wala maono yake. Wanamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Biblia haitupi neno hata moja lililotoka kinywani mwa Dorkasi. Tunachobakiwa nacho ni wajane walioshika nguo. Jiulize siku yako ikifika watu watashika nini. Fundi cherehani wa mtaani kwetu nilipomsomea habari hii aliniuliza swali la kifundi kabisa: kitambaa alinunua nani? Andiko linasema alitoa sadaka nyingi, kwa hiyo huenda alinunua mwenyewe. Fundi akatikisa kichwa, akasema huyo mama biashara yake ilikuwa ngumu.

Sasa kuna pingamizi zito. Kama kusudi ni kumtumikia jirani kwa kazi yako, vipi kuhusu asiye na kazi, au asiye na nguvu za kuifanya?

Kwenye milima ya Usambara, wilayani Korogwe, kuna mahali panaitwa Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha pale, mwaka 1896, makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili, enzi ambazo wagonjwa hao walifungwa kamba au kuachwa porini. Hospitali hiyo ipo mpaka leo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Kinachonivutia ni kwamba kazi ni sehemu ya matibabu yake: mgonjwa anayeweza huenda shambani au kwenye ufundi. Kwa mtu ambaye ndugu zake walishamhesabu kama mzigo, kupalilia tuta ambalo wengine watakula mboga zake ni habari tofauti kabisa na kulishwa. Naye amepata anayemtegemea. Ndiyo maana sikubaliani na huduma za kanisa zinazogawa watu makundi mawili, watoaji na wapokeaji, na kumpiga picha mpokeaji akishika mfuko wa unga.

Kwa hiyo asiye na ajira simwambii asubiri. Namwambia aendelee kutuma maombi ya kazi, na huku atazame nani jirani yake ana pengo analoweza kuliziba: bibi asiyeona vizuri anayehitaji kusomewa maelekezo ya dawa, mtoto wa darasa la nne anayeshindwa kugawanya. Katika jumuiya kadhaa, vile vikundi vya waumini wa mtaa mmoja wanaosali pamoja, nimewashauri wabadilishe kitu kimoja tu. Kabla ya maombi, kila mmoja amtaje mtu mmoja ambaye kazi yake ya wiki hii inamgusa, kisha waombe kwa ajili ya hao. Wiki ya kwanza huwa ukimya wa aibu. Baadaye mama muuza mboga anamtaja mteja mwenye kisukari ambaye humtengea mchicha, na dereva wa bodaboda anamtaja mwanafunzi anayempeleka shule. Wengi ndipo hugundua kwamba walishakuwa na huduma bila kuwa na kamati.

Lakini mafundisho haya yana hatari yake, na naona yakitumiwa vibaya. Kwenye kuta za ofisi nyingi za Wakristo utakuta Wakolosai 3:23: "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu." Bosi analipenda sana andiko hili. Analolisahau ni kwamba Paulo aliwaandikia watumwa, watu ambao hawakuwa na uhuru wa kuacha kazi, akiwaambia kwamba aliye juu yao kwa kweli si bwana wao. Na mistari michache mbele anamgeukia mwajiri: "Ninyi mabwana, wapeni watumwa wenu yaliyo haki na ya adili, mkijua ya kuwa ninyi nanyi mna Bwana mbinguni." Mstari huu sijawahi kuuona umebandikwa ukutani. Dada wa kazi anayeamka saa 10 alfajiri na kulala saa 5 usiku, na mshahara wake umelala miezi miwili kwa tajiri wake, hahitaji somo la kufanya kazi kwa moyo. Tajiri ndiye anayehitaji Yakobo 5:4, kwamba ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeshafika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Nasi wa kanisani tusijitoe. Mwalimu wa kwaya anaambiwa "Mungu atakulipa" mwaka wa nne sasa. Mlinzi wa usharika analipwa pesa ambayo mzee wa kanisa hawezi kumlipa kijana wa kukata majani yake. Kwenye kikao cha bajeti huwa nauliza mshahara wa mlinzi kabla hatujafika kwenye spika mpya na kinanda. Wajumbe wameshanizoea, mwaka huu mtunza hazina aliusoma yeye mwenyewe, wa kwanza kabisa, kabla sijanyosha mkono.