Gazeti la kwanza la weusi Marekani halikuanza na Douglass

Watu wengi bado wanasema gazeti la kwanza la Wamarekani weusi ni North Star la Frederick Douglass, yule mtumwa wa zamani aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, na siwalaumu maana jina la Douglass ni kubwa mno, ila sio kweli. North Star lilitoka 1847 kule Rochester. Miaka 20 kabla yake, Ijumaa ya tarehe 16 Machi 1827, New York lilishatoka Freedom's Journal, gazeti la kila wiki la wahariri wawili weusi, Samuel Cornish na John Russwurm. Wakati huo Douglass alikua mtoto wa miaka kama 9 tu, mtumwa huko Maryland.

Lilikua na kurasa nne, dola 3 kwa mwaka, na toleo la kwanza kabisa wakaanza na maisha ya Paul Cuffe, nahodha mweusi mwenye meli zake mwenyewe, alafu waliandika wazi kwamba wanataka kujitetea wenyewe kwa sababu wengine wamewasemea muda mrefu sana. Lilidumu miaka miwili hivi, Cornish akatoka mapema, Russwurm akaenda Liberia.