Bahari haikuikimbia Aigues-Mortes

Nimetumiwa tena. Safari hii ni video ya mtalii aliyesimama juu ya ukuta wa Aigues-Mortes, kusini mwa Ufaransa, akieleza kwa uhakika wote kwamba enzi za Mfalme Louis wa 9 mawimbi yalikuwa yakipiga pale chini, kisha bahari ikakimbia. Watu elfu kadhaa wameipenda. Mimi kazi yangu ni pwani, yaani mchanga, mashapo na mikondo, na kisa hiki nimekisikia kwa wanafunzi, kwa waongoza watalii, hata kwa watu wenye shahada. Basi leo nakiandikia.

Mji uko upande wa magharibi wa delta ya mto Rhône, kama kilomita 6 kutoka ufukweni. Katikati ni vinamasi, viziwa vya maji chumvi na mashamba ya chumvi. Mwaka 1248 Louis alisafiri kutoka hapo kwenda Vita vya Msalaba, akapitia Cyprus hadi Dimyat, Misri. Mwaka 1270 akasafiri tena, akafia Tunis. Mtu akishajua hayo mawili anapiga hesabu: mfalme alipandia chombo hapa, leo hapa hapana bahari, kwa hiyo bahari imerudi nyuma. Hesabu hiyo inasahau kitu kimoja. Bandari si lazima iwe ufukweni.

Mwaka 1248 mji ulikuwa ndani vilevile. Vyombo vilifika kwa kupita viziwani na kwenye mfereji uliochimbwa kuelekea mlango wa bahari, na meli nzito zilibaki nje, watu na shehena wakivushwa kwa mashua. Ukitaka ushahidi, tazama Peccais. Chumvi ilikuwa ikivunwa huko tangu enzi hizo, na Peccais iko upande wa baharini wa mji. Au mnadhani walivuna chumvi chini ya mawimbi?

Msomaji wa pwani yetu ana kisingizio chake. Amezoea maji yanayopanda na kushuka hadi mita 4 Unguja wakati wa bamvua, kwa hiyo "maji yametoka" si jambo la ajabu kwake. Kule Aigues-Mortes kupwa na kujaa kunatofautiana kwa sentimita 30 hivi. Hakuna maji kujaa ya kukuinulia chombo juu ya fungu. Kina usipokichimba mwenyewe, huna.

Kwa nini sasa mfalme ajenge bandari kwenye tope na mbu? Kwa sababu hakuwa na pengine pa kujenga. Marseille ilikuwa chini ya himaya ya Provence, ambayo tangu 1246 ilishikwa na mdogo wake Charles, na Provence haikuwa Ufaransa. Montpellier ilikuwa ya mfalme wa Aragon. Kwa hiyo Louis alichukua ardhi ya watawa wa Psalmody, akawapa fidia, na mwaka 1246 akawapa wakazi hati ya misamaha ya kodi ili watu wakubali kuhamia. Hata hivyo Joinville, sahibu wake aliyeandika habari za safari ile, alipandia meli Marseille.

Ukuta nitaupita haraka: Louis hakuuona. Ulianza kujengwa baada ya 1272, chini ya mwanawe Philippe wa 3, kwa mkataba na Guglielmo Boccanegra wa Genoa. Cha Louis ni Mnara wa Constance, wenye kuta za unene wa mita 6. Ndimo alimofungwa Marie Durand, Mprotestanti, kuanzia 1730 hadi 1768.

Sasa nifike panaponikera zaidi, kwa sababu wapinzani wangu hapa wana nusu ya haki. Ufukwe kweli umesogea mahali fulani. Mnara wa taa wa L'Espiguette, ufukweni kusini mwa mji, ulijengwa 1869 karibu na maji, leo una mamia ya mita za mchanga mbele yake. Lakini hapo bahari haijashuka hata kidogo. Usawa wake unapanda. Kilichotokea ni mchanga kusafiri. Mkondo wa pwani unaubeba kuelekea magharibi na kuumwaga L'Espiguette, na mchanga huo unatoka mahali: pwani ya mashariki inaliwa. Mnara wa taa wa zamani wa Faraman ulimezwa na bahari. Watu wa mji wa Saintes-Maries-de-la-Mer wanajilinda kwa mawe. Ni delta ileile moja, sehemu moja inanenepa kwa gharama ya nyingine. Ukisema "bahari imekimbia" umeshindwa kueleza zote mbili.

Na kuna jambo ambalo ramani nzuri za vitabuni hulificha. Ile mistari safi inayoonyesha ufukwe wa mwaka fulani na wa karne fulani imetokana na matuta ya mchanga, na umri wa matuta hupimwa mara nyingi kwa kaboni iliyomo kwenye makombe, yaani magamba ya viumbe wa baharini. Kombe hula kaboni ya bahari, ambayo ni kuukuu, hivyo kipimo hulizeesha kwa miaka 400 hivi. Tunasahihisha, ndiyo. Ila kombe lenyewe pengine lilifukuliwa kwenye tuta la zamani na kutupwa kwenye tuta jipya, na hilo halina fomula. Mimi mwenyewe nikiona mstari mwembamba kwenye ramani hizo huuchora upya kichwani kwa brashi nene.

Bandari iliuawa na nini basi? Tope, nakubali: mafuriko ya mto yaliziba mifereji, na kuizibua kila mara kulikula fedha. Lakini fedha hizo zilikuwa zikitolewa kwa karne mbili, kwa sababu wafalme hawakuwa na njia nyingine. Mwaka 1481 Provence ikaingia Ufaransa, Marseille pamoja nayo, yenye kina cha asili na isiyohitaji koleo. Nani angeendelea kulipia tope? Biashara ikahama, chumvi ikabaki. Wavuvi wakajikusanya kwenye mlango mpya wa bahari, Le Grau-du-Roi, na mwaka 1879 nao wakajitenga wakawa mji unaojitawala.