Je, wajua kwa nini notisi ya kuhama huanguka mahakamani hata kama mpangaji anadaiwa kweli?

Mpangaji hajalipa kodi ya miezi 2, na mwenyewe anakiri. Mwenye nyumba amekuja na mkataba, nakala ya notisi na shahidi. Hakimu anaisoma ile notisi, anauliza maswali mawili matatu, kisha anaitupilia mbali kesi. Mwenye nyumba anatoka nje akilalamika kwamba mahakama zinawabeba wapangaji.

Alichosahau ni kwamba siku ile deni halikuwa limeulizwa bado. Kwanza huulizwa kama karatasi iliyompa haki ya kufika pale iko sawa. Kudai kodi ni jambo moja. Kumtoa mtu katika nyumba aliyokabidhiwa kwa mkataba ni jambo jingine, na daraja la kutoka lile la kwanza kwenda hili la pili ni notisi.

Ukali huu una asili ya zamani. Katika sheria ya kale ya Uingereza, ambayo ndiyo mzizi wa sheria za pango katika nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Waingereza, mwenye mali aliyetaka kuuvunja mkataba kwa sababu ya kodi alipaswa kuidai kwa utaratibu maalumu. Alikwenda mwenyewe au alimtuma wakala hadi kwenye mali yenyewe, siku ile ile ya mwisho ya kulipa, akaidai mbele ya mlango mkuu kabla jua halijazama, mapema kiasi cha kutosha kuzihesabu fedha kungali na mwanga. Alitakiwa kutaja kiasi kamili kinachodaiwa. Hata kama hakukuwa na mtu ndani, alitakiwa adai vivyo hivyo, akiuambia mlango. Ndiyo maana mikataba mingi ya Kiingereza hadi leo ina maneno yasemayo kwamba haki ya kuvunja mkataba itakuwepo iwe kodi imedaiwa rasmi au haikudaiwa. Wanasheria waliyaweka ili kumwondolea mwenye nyumba safari ile ya mlangoni.

Safari imeondoka, lakini mantiki yake imebaki ndani ya notisi: mwambie mpangaji anadaiwa nini hasa, mpe muda wa kulipa, na usimwongezee hata senti.

Hesabu ndiyo inayoua notisi nyingi

Tuchukue kodi ya 100,000 kwa mwezi, inayolipwa kila tarehe 5. Machi haijalipwa, Aprili haijalipwa. Tarehe 20 Aprili mwenye nyumba anaandika: "Unadaiwa kodi 238,000. Lipa ndani ya siku 14 au uhame." Hiyo 238,000 imetoka wapi? Kodi ni 200,000, bili ya maji 18,000, na faini ya kuchelewa 20,000. Ukifungua mkataba, faini haijatajwa popote. Maji yametajwa kama gharama inayolipwa kando, hayakuitwa kodi. Kwa hiyo kodi inayodaiwa ni 200,000 tu.

Mwenye nyumba huona hilo ni jambo dogo, kwani maji ameyatumia huyo huyo mpangaji. Lakini itazame kwa upande wa pili. Mpangaji akikopa kwa ndugu, akaleta 200,000 siku ya kumi, amelipa kodi yote anayodaiwa, ila kwa mujibu wa notisi bado hajalipa. Notisi imemfungia mlango ambao sheria ilitaka uwe wazi. Huko California, notisi ya nyumba ya kuishi inayodai zaidi ya kodi inayodaiwa ni batili. Si kila nchi iliyo kali kiasi hicho. Kwingine kosa dogo lisilompotosha mpangaji husamehewa. Ila sioni sababu ya mtu kucheza kamari na miezi yake ya kusubiri tarehe ya kesi kwa ajili ya bili ya maji. Gharama nyingine zidaiwe kwa barua ya kando.

Kuna kosa jingine lililojificha zaidi. Tuseme Februari huyu mpangaji alituma 115,000 badala ya 100,000. Ile 15,000 iliyozidi ilikwenda wapi? Kama hakuna aliyeiandika, mwenye nyumba huhisi ilifidia jambo fulani la mwaka jana, na mpangaji huamini ilitangulia kulipia Machi. Kanuni ya jumla katika sheria za mikataba ni hii: anayelipa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kusema fedha zinalipia deni lipi, na aseme wakati wa kulipa. Akinyamaza, haki inahamia kwa anayepokea. Wote wawili wakinyamaza, katika hesabu inayoendelea kwa kawaida fedha hulipia deni la zamani kwanza. Kanuni hiyo hujulikana kwa kesi ya Clayton ya mwaka 1816. Dawa yake ni daftari lenye safu nne: tarehe, kilichodaiwa, kilicholipwa na kwa mwezi gani, kilichobaki. Nakala ya ukurasa huo ikiambatishwa kwenye notisi, ubishi mwingi huishia hapo.

Siku 14 huanza lini?

Notisi ilikabidhiwa tarehe 20 Aprili. Kwa kawaida siku ya kukabidhiwa haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 21, na siku ya 14 ni tarehe 4 Mei, tena siku hiyo ni ya mpangaji hadi inapokwisha. Mwenye nyumba anayewahi kufungua kesi asubuhi ya tarehe 4 amefungua mapema, na kesi iliyofunguliwa mapema huwa imekufa kabla ya kusikilizwa.

Halafu kuna siku za mapumziko. California notisi ya kulipa au kuhama ni ya siku 3, lakini Jumamosi, Jumapili na sikukuu za mahakama hazihesabiwi, hivyo notisi ya Ijumaa kabla ya Jumatatu ya sikukuu hufika mwisho Alhamisi. New York tangu 2019 ni siku 14. Ufaransa hati ya kumtaka mpangaji alipe ilikuwa ikimpa miezi 2. Sheria ya 2023 iliishusha hadi wiki 6, na hata hukumu ikishatoka, kwa kawaida hakuna anayetolewa kwa nguvu kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Machi, miezi ya baridi. Nchini Kenya, kwa maduka, hoteli na migahawa inayolindwa na Sura ya 301, yaani sheria ya Kenya inayosimamia upangaji wa biashara za namna hiyo, notisi huandikwa kwenye fomu iliyowekwa na sheria na haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi 2. Barua nzuri ya wakili isiyofuata fomu hiyo haisaidii kitu.

Ujerumani wamekwenda mbali zaidi. Mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba papo hapo ikiwa deni limefika kodi ya miezi 2, au ikiwa kwa miezi 2 mfululizo kilichobaki bila kulipwa kimezidi kodi ya mwezi mmoja. Lakini kwa nyumba ya kuishi, mpangaji akilipa deni lote ndani ya miezi 2 tangu akabidhiwe hati ya mashtaka, uvunjaji huo wa papo hapo hufutika. Isipokuwa awe alishautumia mwanya huo katika miaka 2 iliyotangulia.

Muda wa notisi usichukuliwe kwenye mkataba peke yake, wala kwenye mfano uliopakuliwa mtandaoni ambao pengine umeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Panapokuwa na tofauti, muda mfupi wa mkataba haushindi muda mrefu uliowekwa na sheria.

Pesa ya tarehe 5 Mei

Hapa ndipo wenye nyumba wengi hukwama bila kujua. Siku 14 zimekwisha, kesi inaandaliwa, na tarehe 5 Mei simu inalia: zimeingia 100,000, na maelezo yanasema "kodi ya Mei". Mwenye nyumba anafurahi, walau kidogo kimerudi.

Lakini kodi ya Mei ni malipo ya kukaa Mei. Mtu anayedai mkataba umekwisha hawezi papo hapo kupokea kodi ya kuendelea kwake. Kuipokea huku ukijua kosa la mpangaji ni kukubali kwa vitendo kwamba upangaji unaendelea, na haki ya kuuvunja kwa kosa lile huhesabika kuwa imeachwa. Kuandika kwenye risiti "nimepokea bila kuathiri haki zangu" watu hudhani ni kinga. Katika sheria ya Uingereza kuhusu kuvunja mkataba wa pango, maneno hayo hayaokoi. Mwenye nyumba anayetaka kuendelea na notisi hurudisha kiasi kile kile, kwa njia ile ile, haraka, pamoja na ujumbe mfupi unaosema kwa nini. Kukaa nazo wiki 3 ukitafakari ni kuzipokea.

Na kama zilizoingia ni 60,000 za Machi, kabla siku 14 hazijaisha? Hilo ni deni la zamani, na kulipokea hakumaanishi umeuendeleza mkataba. Ila sasa deni ni 140,000 na notisi yako inasema 200,000. Palipo na ukali wa hesabu, ni salama zaidi kuandika notisi mpya kuliko kuibeba ile ya zamani mahakamani.

Mazoea nayo hula haki polepole. Mpangaji amelipa tarehe 17 kila mwezi kwa mwaka mzima, na mwenye nyumba amepokea bila neno. Siku anapoamka na kutoa notisi tarehe 6, mpangaji atasema, na mara nyingi atasikilizwa, kwamba tarehe 17 ndiyo iliyokuwa makubaliano yao halisi. Kabla ya kumbana mtu wa namna hiyo, andika barua: kuanzia mwezi ujao tarehe 5 itafuatwa kama mkataba unavyosema. Mpe mwezi mmoja wa kujipanga. Baada ya hapo kuchelewa kunakuwa kosa tena. Katika Sura ya 301 ya Kenya, kuchelewesha kodi kila mara ni sababu inayojitegemea ya kusitisha upangaji, hata kama leo deni ni sifuri. Kwa hiyo barua za kulalamika zilizohifadhiwa zina thamani.

Mlangoni

Karatasi iliyoandikwa vizuri bado inaweza kufa njiani. Wapangaji wawili wametia saini mkataba, notisi imetaja mmoja. Namba ya chumba imekosewa. Aliyesaini ni msimamizi wa nyumba asiye na barua ya kumpa mamlaka. Notisi imepitishwa chini ya mlango na hakuna aliyeshuhudia. Anayekabidhi aandike tarehe, saa, mahali na jina la aliyepokea, na achukue saini. Mpangaji akikataa kusaini, kukataa huko nako kuandikwe, na shahidi asaini. Ujumbe wa simu utumike tu pale sheria au mkataba unapoutambua.

Kwa upande wa mpangaji, kuikataa notisi ni mbinu mbovu. Ipokee, iandikie tarehe, kisha ikague: kiasi, muda, majina. Kama una uwezo wa kulipa, lipa chote kabla ya siku ya mwisho, kwa njia inayoacha alama, ukitaja mwezi unaolipia. Usimwambie mwenye nyumba "kata kwenye amana". Amana huwekwa kwa ajili ya uharibifu na madeni ya mwisho wa upangaji, na hana wajibu wa kuigeuza kodi leo. Kama huna uwezo, peleka pendekezo la maandishi kabla muda haujaisha: kwa mfano kodi ya kila mwezi pamoja na 25,000 za deni kwa miezi 8. Makubaliano hayo lazima yaseme notisi inafutwa au inasimama tu, na usipolipa mwezi mmoja nini kinafuata. Ukiitwa mahakamani, nenda, hata kama unadaiwa kweli. Asiyefika huhukumiwa bila kusikilizwa, na lile kosa la 38,000 hakuna atakayelitaja.

Na siku za notisi zikiisha, nyumba haijarudi. Notisi huruhusu kufungua kesi tu. Anayetoa mtu ni dalali au ofisa wa mahakama mwenye amri mkononi. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inasema wazi kwamba hakuna atakayetolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Uingereza, chini ya sheria ya 1977, kumtoa mpangaji kinyume cha sheria ni kosa la jinai. Kubadili kufuli, kukata umeme au kung'oa mlango kunaweza kumgeuza mdai wa 200,000 kuwa mdaiwa wa fidia inayozidi hapo.

Anayedhani ukali huu unamlemea mwenye nyumba peke yake aisome kesi ya Dodds dhidi ya Walker, iliyofika hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1981. Mpangaji wa biashara alipewa notisi tarehe 30 Septemba, na sheria ilimpa miezi 4 kuomba mkataba mpya. Alihesabu kwamba kwa kuwa Septemba inaishia tarehe 30, miezi 4 ingeishia mwisho wa Januari, akapeleka maombi tarehe 31. Majaji walisema mwezi huishia kwenye tarehe inayolingana na ile ya kuanzia, yaani 30 Januari. Maombi yake hayakusikilizwa.