"Kwani nyinyi si watu wa maafa?"

Mimi hujitolea Msalaba Mwekundu, na nikibisha hodi kuulizia kadi ya chanjo ya mtoto, huulizwa: "Kwani nyinyi si watu wa maafa? Mbona hapa hakuna mafuriko?" Nimelijibu swali hilo kwa upole miaka mingi. Leo upole umepungua.

Dhana: Vyama vya misaada ni vya vita na majanga, afya ya jamii ni ya serikali.

Ukweli: Msalaba Mwekundu ulizaliwa vitani, sikatai. Henry Dunant, mfanyabiashara Mswisi, aliwaona majeruhi wa mapigano ya Solferino, Italia, mwaka 1859, na 1863 kamati ikaundwa Geneva. Historia wanayoijua wengi inaishia hapo. Lakini mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza na homa ya mafua iliyoua mamilioni, vyama vya Msalaba Mwekundu vya Marekani, Uingereza, Ufaransa, Italia na Japani viliunda shirikisho lao Paris ili kushughulikia afya ya watu wakati wa amani. Mwaka huohuo, Ibara ya 25 ya Mkataba wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, ikazitaka nchi wanachama zivihimize vyama hivyo kuboresha afya, kuzuia magonjwa na kupunguza mateso. Kuzuia, jamani! Imeandikwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Na hatumpokonyi mtu kazi. Chama cha taifa cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu ni msaidizi wa serikali katika huduma za kibinadamu, huku kikilinda uhuru wake. Chanjo iko zahanati, mtoto yuko nyumbani, na katikati kuna mama aliyetishwa na uvumi, baba aliyekataa, na nyumba isiyo kwenye orodha ya mtu yeyote. Daktari hafiki huko. Anayefika ni jirani aliyejitolea, anayejua mlango upi unafunguliwa jioni tu. Ndiyo maana mpango wa kimataifa dhidi ya surua ulipoanzishwa mwaka 2001, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikuwa miongoni mwa waasisi, pamoja na WHO na UNICEF. Vyandarua ni vivyo hivyo: kugawa ni kazi ya siku moja, ila kurudi kuona kama kimetundikwa au kimebaki kwenye mfuko wake ni kazi ya wiki nzima, na haipigwi picha.

Kwa hiyo tukibisha hodi siku ya jua kali, hatujapotea njia. Nikiwa hapo mlangoni nitakuuliza pia kama unajua kumpa mtoto anayeharisha maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Huna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi. Huwa siondoki mpaka nirudishiwe vipimo hivyo kwa mdomo.

Dhana: Maiti za waliokufa kwenye tetemeko au mafuriko huleta mlipuko, zizikwe upesi.

Ukweli: Aliyekufa kwa kuangukiwa na ukuta hakuwa na kipindupindu, na kifo hakimpi. Hatari iko kwa walio hai wanaokunywa maji yenye kinyesi. Waliokufa kwa Ebola au kipindupindu ni habari nyingine, hao wana taratibu zao. Wengine watambuliwe kwanza, maana kaburi la pamoja la haraka huwaachia ndugu msiba usiokwisha.

Dhana: Dawa zilizobaki kabatini ni msaada mzuri.

Ukweli: Hapana. Zimefunguliwa, nyingine zimekwisha muda, na kuziteketeza kwa usalama kunagharimu. Lete pesa. Huna pesa, changia damu, na usingoje ajali: chembe nyekundu za damu hutunzwa siku 42 hivi, chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku 5 hadi 7 tu.