Uchaguzi wa Ufini, 1930: kiti kimoja tu

Nikishika matokeo ya uchaguzi wa zamani, sianzi kwa kutafuta nani kaongoza. Namtafuta mwenye uwezo wa kuzuia. Uchaguzi wa Ufini wa tarehe 1 na 2 Oktoba 1930 hausomeki kwa namna nyingine: Wasoshalisti wa Kidemokrasia waliongoza, wakapanda kutoka viti 59 hadi 66, na bado ndio walioshindwa.

Bunge lile lina viti 200. Serikali ya Waziri Mkuu Svinhufvud ilitaka sheria za kuwang'oa wakomunisti katika siasa, na kwa kuwa ziligusa katiba, njia zilikuwa mbili. Ya haraka ilidai wabunge watano kati ya kila sita. Wasoshalisti wakaiziba, Rais Relander akavunja bunge. Ya pili ni kuisubirisha miswada hadi uchaguzi upite, kisha bunge jipya liipitishe kwa theluthi mbili, yaani kura 134. Sasa toa 134 kwenye 200. Zinabaki 66. Wasoshalisti wangepata 67, miswada ingekwama.

Kuna wanaosema basi, wananchi walikwisha amua. Mimi sikubali upesi hivyo. Mwaka 1929 wakomunisti walikuwa na viti 23. Safari hii hawakuambulia hata kimoja, na wabunge wao walikuwa wamekwisha tiwa mbaroni. Tarehe 5 Julai wanaume wa vuguvugu la Lapua, lililopinga ukomunisti, waliingia kwenye kikao cha kamati ya katiba, ndani ya bunge lenyewe, wakawanyakua wabunge wawili. Siku mbili baadaye wakulima zaidi ya 12,000 wakaandamana Helsinki. Na mchezo wao ulijulikana: unatiwa garini, unapigwa, unapelekwa kuelekea mpaka wa Sovieti.

Kura zenyewe hazikuwatuliza. Tarehe 14 Oktoba walimteka K. J. Ståhlberg, rais wa kwanza wa nchi, akiwa matembezini asubuhi na mkewe Ester, wakawaendesha hadi Joensuu, mashariki kabisa. Huyu hata mkomunisti hakuwa! Alikuwa mwanasheria, mliberali, na katiba ya 1919 ilipita mikononi mwake.

Novemba sheria zikapita. Februari 1931 wajumbe wa uchaguzi, si wabunge, wakakutana kumchagua rais: Svinhufvud 151, Ståhlberg 149.